Ndevu za Mlezi

Mlezi alipovua kinyago, tukaona ndevu.

Zilikuwa nyingi, zenye mvi upande mmoja, ndevu za mtu aliyetembea siku nyingi bila wembe. Domi akasimamisha picha. Mwanangu Semeni, aliyelala mgongoni kwangu, akakohoa kidogo na kuendelea na usingizi wake. Mle ndani ya kibanda cha sauti feni peke yake ndiyo ilikuwa inanung'unika.

"Rudisha nyuma," nikasema.

"Nikirudisha ndiyo zitaondoka?"

"Rudisha, Domi."

Akarudisha. Koyuki, ambaye tulimjua akiwa mtoto wa kubebwa na sasa ni msichana mzima, kasimama juu ya daraja la mwisho, majivu yanamwangukia mabegani. Anauliza, "Wewe ni nani hasa?" Mlezi anasimama kimya kwenye upepo, kimya kirefu cha kuchosha, kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Kisha mkono unapanda, kinyago kinashuka. Ndevu zilezile.

"Mwanaume," Domi akasema. "Dada Mwajabu, yule mama yenu ni mwanaume." Akacheka peke yake. Alipoona sicheki, kicheko kikamfia mdomoni.

Dominiki Kunambi ndiye fundi sauti wetu hapa Morogoro. Mimi ndiye sauti ya Mlezi. Tulikuwa tumekaa tangu asubuhi tukiangalia filamu ya mwisho ya *Koyuki na Mlezi*, katuni ya Kijapani iliyoanza kabla mimi sijazaliwa, na kwa kweli tulikuwa tumeshachoka kabla hata ya hizo ndevu. Mwenyewe aliyeibuni alifariki filamu ikiwa nusu. Wenye filamu wakaikabidhi kwa mashine imalizie, na mashine ikamalizia kama mpangaji anayehama: kila kitu kimo ndani, hakuna kilichokaa mahali pake. Koyuki anavuka daraja moja mara mbili bila kurudi. Mzee wa kijiji anaanza kunywa chai kwa kikombe cha udongo, anamaliza kwa cha bati. Katika umati wa kumuaga Koyuki tulimwona muuza chumvi, ambaye alikufa mimi nikiwa darasa la tatu na nililia nikakataa kula, anapunga mkono kwa furaha.

"Kafufuka bila hata kuaga kaburi," Domi alisema.

Hayo yote tungeyavumilia. Kazi yetu ni kutia maneno ya Kiswahili, ubovu wa filamu una wenyewe. Ila ndevu zilikuwa zinatuhusu sisi.

*

Kosa lilianza na neno dogo. Kwa Kijapani "mimi" si moja. Mwanaume ana lake, mwanamke lake, na mzee mwenye majivuno ana lake. Mlezi alipofungua kinywa mara ya kwanza kabisa, mtoto wa kule alijua huyu ni mwanaume hata kabla sentensi haijaisha. Sisi tuna "mimi" moja tu inayotutosha wote, na "yeye" moja. Muswada ulipofika hapa ulisema Mlezi ni yeye, anavaa kinyago, anamvusha mtoto nchi ya majivu.

Mwanaume aliyepangiwa kuwa Mlezi aliamka siku hiyo na kwikwi isiyokata. Wakamlaza, wakamnywesha maji kichwa chini, wakamtisha kwa kumpigia makofi masikioni, wapi. Mama yangu, Semeni wa kwanza, alikuwepo kwa ajili ya sauti ya mke wa mchungaji, maneno machache tu. Alikuwa na sauti nzito, ya chini, yenye mchanga kidogo ndani yake. Wakamwambia, hebu jaribu wewe, Semeni, tusipoteze asubuhi. Mama akasogea kwenye maikrofoni akasema, "Simama, mtoto. Njia bado ipo."

Hakuna aliyemtafuta tena yule wa kwikwi.

Watoto wa nchi hii wakaona mtu anayepika uji, anayeshona viatu vilivyochanika, anayemkalisha mtoto chini jioni na kumsuka nywele, na sauti ni ya mwanamke. Wakaamua wenyewe. Mitaani wakaimba Mama Mlezi, Mama Mlezi, wakaruka kamba. Katika yale makambi ya miaka ya mafuriko, watoto waliopoteza wazazi walikuwa wanawashiwa sehemu moja kila jioni ndipo walale. Nimekutana na watu wazima, wengine na vyeo vyao, wanaosikia sauti yangu sokoni wakageuka na macho mekundu. Mimi niliirithi. Mama alipofariki nikaombwa nijaribu, ikaonekana mchanga ule ninao pia.

"Sasa?" nikamuuliza Domi.

Akawasha kidirisha cha Mfumaji. Mfumaji ndiye anayetuonyesha kila kitu siku hizi. Tangu umeme uwe wa kupimiwa, hakuna nyumba inayoweka kopi ya filamu. Kuna chanzo kimoja, na unapotaka kuangalia, Mfumaji anakufumia picha na sauti palepale kwa lugha yako, na ukimaliza anafumua. Ni nafuu, na kwa siku za kawaida huoni tofauti. Tofauti inaonekana filamu ya mwisho inapofungwa. Hapo Mfumaji anarudi nyuma mpaka sehemu ya kwanza, anarekebisha kila kinachopingana na mwisho, ili hadithi iwe moja. Mwaka juzi walifunga katuni ya mapacha wa kisiwani, na ikasemwa mwishoni kwamba mbwa wao alikuwa kipofu tangu kuzaliwa. Asubuhi yake mbwa aliyekuwa akikimbiza vipepeo akaonekana katika sehemu zote za zamani akipapasa ukuta. Watoto wakaambiwa na wazazi wao kwamba wanakumbuka vibaya.

Kidirisha kikaandika, na sauti ya kistaarabu ikasoma: "Mgongano umeonekana. Katika Kiswahili, sauti na uso wa Mlezi havilingani. Tafadhali chagueni: nirekebishe sauti, au nirekebishe uso?"

"Ukirekebisha sauti?" nikauliza.

"Mlezi atapewa sauti ya kiume katika sehemu zote."

"Na iliyokuwepo?"

"Haitakuwepo."

Semeni akaamka mgongoni, akaanza kunivuta kilemba.

"Na ukirekebisha uso?"

"Mlezi atakuwa mwanamke. Itachukua muda mfupi zaidi."

Domi akageuza kiti. Ni mtu wa utani mwingi, na akiacha utani uso wake unakuwa wa mtu mwingine. "Najua utakachochagua," akasema. "Ni mama yako. Ningekuwa mimi ningechagua hivyohivyo. Lakini nisikilize kidogo, mama Semeni."

"Nakusikiliza."

"Wanangu wale wawili nimewalea mwenyewe, unajua. Nawapikia, nawafulia, nawashonea vifungo. Shuleni wakiulizwa nani kakushonea, wanasema shangazi. Hawana shangazi! Wanaona haya kusema baba. Nimekaa nao miaka yote hiyo tunaangalia Mlezi, na hata mimi, mimi mwenyewe na masufuria yangu, nikamwona anapika nikasema huyu mama." Akaelekeza kidole kwenye zile ndevu. "Yule mtu kule kwao alichora mwanaume anayemsuka mtoto nywele. Sisi tukamnyang'anya. Sasa kafika mwisho wa safari, kavua kinyago, tunataka kumnyoa."

Nilitaka kumjibu kwa hasira. Sikupata hasira, nilipata uchovu tu.

"Wanafunga lini?"

"Kesho, saa za kivuli zikiisha, jua kali likishapita."

*

Nyumbani nilimkuta baba sebuleni, ungo mapajani, anachambua mchele. Ukutani palikuwa na sehemu ya zamani ya Koyuki, lakini baba haangalii picha. Tangu mama afariki anawasha kila siku jua likianza kupoa na kusikiliza tu, mikono ikifanya kazi nyingine.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mlete mke wangu huku, mnamchosha na kazi zenu." Mwanangu ana jina la mama, na baba hajawahi kumwita kitu kingine isipokuwa mke wangu. Akampokea, akamweka kifuani, Semeni akajikunja pale kama anavyofanya siku zote, sikio kwenye mbavu za babu yake. "Mke wangu, umeshinda salama? Huyu mwanao kakupa nini leo? Hajakupa kitu? Tutamsema."

"Baba, filamu ya mwisho imekuja."

"Nzuri?"

"Mbaya."

"Wanakufa wote?"

"Afadhali wangekufa. Hata aliyekufa kafufuka." Nikakaa chini karibu na ungo. "Mlezi kavua kinyago. Ana ndevu."

"Ndevu za namna gani?"

"Kama zako zamani, ulipokuwa hujali."

Baba akacheka, tumbo likamtingisha Semeni. Kisha akaacha kucheka taratibu, kama mtu aliyesikia mlango unagongwa. Alielewa kabla sijamweleza.

"Na sauti ya mama yako?"

"Ndiyo itakayoondoka. Zote, tangu sehemu ya kwanza. Au tumgeuze Mlezi awe mwanamke. Tumeambiwa tuchague."

Ukutani mama alikuwa anamwambia Koyuki akaze kamba za viatu. Baba akaokota jiwe kwenye mchele, akaliangalia sana, akalitupa.

"Basi nyoeni."

"Baba?"

"Ndevu. Nyoeni. Mashine si inaweza? Mpeni uso wa mama, yaishe."

Hilo sikulitegemea. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au kwa kimya. Nikajikuta namtetea Mlezi kwa maneno ya Domi. "Lakini baba, si kweli. Yule mtu alimchora mwanaume. Na mimi nani alikuwa ananisuka? Mama alikuwa studio tangu asubuhi mpaka giza. Nani alikuwa ananikalisha hapo mlangoni na kitana?"

"Nywele zilisukwa, ukaenda shule. Kujua nani kasuka kunaongeza nini?"

"Watu walikuwa wanamsifia mama."

"Walikuwa wananisimamisha njiani. Mzee Mkude, mkeo ana mkono mzuri, mtoto kapendeza. Nawaambia ahsante, nitamfikishia. Jioni namfikishia kweli. Anacheka, anacheka mpaka anakaa chini." Akaupitisha mkono juu ya mgongo wa Semeni. "Mwajabu, mimi sina shida ya kuonekana. Nina shida ya saa hii hapa, jua likipoa. Mkiniondolea ile sauti, saa hii nitaifanyia nini?"

Nikachukua upande mmoja wa ungo, tukachambua mchele pamoja mpaka sehemu ikaisha na Mfumaji akafumua ukuta ukabaki mweupe.

*

Siku ya kurekodi simbebi Semeni, kwa sababu mapigo ya moyo wake yanaingia kwenye maikrofoni. Kwa hiyo asubuhi baba alikuja naye, akakaa kwenye benchi ya ukumbini karibu na mlango wa kibanda, mtoto kifuani.

Tukaanza na vipande vidogo vidogo. Nilisema maneno ya Mlezi mlimani, maneno ya Mlezi kwenye ile vita ndefu isiyo na maana, ambapo nilitakiwa kuguna tu. Domi hakunitazama. Mimi pia sikumtazama. Tulipofika darajani akaachia picha ikatembea: Koyuki anauliza, Mlezi anasimama kimya kwenye upepo.

"Hiki kimya kinaniudhi," nikasema. "Kirefu hivi cha nini?"

"Mashine ilikosa kitu cha kuweka. Ikavuta."

"Kinyago bado kiko usoni?"

"Kipo."

"Mdomo hauonekani."

Domi akageuka. Ni utaratibu wetu wa siku zote, na mafundi wote wa kutia sauti wanaujua: mdomo ukionekana lazima neno likae ndani ya mdomo, lakini mdomo ukifichwa, mtu akiwa kageuka au kajifunika, tunaruhusiwa kujaza. Ndivyo tunavyookoa miswada mibovu. Tumeshawapa watu wanaoonekana visogo tu hotuba nzima.

"Unataka kujaza nini?" akauliza kwa tahadhari.

Nikamwambia awashe. Sikuandika popote, nilijua nikiandika nitaogopa. Koyuki akauliza, "Wewe ni nani hasa?" Upepo ukavuma. Nikasema kwa ile sauti niliyorithi:

"Sauti hii si yangu, Koyuki. Ni ya mama yako. Aliiacha ndani ya kinyago, nami nimeibeba isipotee njiani. Uso ndio wangu."

Mkono ukapanda. Kinyago kikashuka. Ndevu.

Domi akasimamisha picha. Kisha akasema, "Hilo hakuliandika yule mtu."

"Najua."

"Wenye filamu watatuuliza."

"Watauliza."

"Na ni uongo pia, dada. Uongo mzuri, lakini ni uongo."

"Mwanaume kabaki mwanaume, Domi. Sijamgusa kidevu. Walivyomwona kule kwao ndivyo tutakavyomwona hapa. Nimeeleza tu ile sauti ilitoka wapi." Nilisema kwa ujasiri. Mpaka leo sijui kama nilirekebisha kosa au niliongeza la pili.

Mfumaji akafikiri. Kidirisha kikazunguka. "Mgongano umeondoka," ikasoma ile sauti ya kistaarabu. "Sauti ya kinyago itabaki katika sehemu zote. Nahitaji sauti ya mvaaji kwa maneno yasemwayo bila kinyago. Sehemu mbili: daraja la mwisho, na kisima."

Nilikuwa nimesahau kisima.

Mtoto yeyote aliyekua na katuni ile anakijua. Koyuki katumbukia kisimani, ana homa, kuna giza tupu. Mlezi anashuka, anavua kinyago ili amfunike nacho mtoto maji yasimdondokee usoni, na humo gizani, bila kuonekana, anamwimbia. Ni mahali pekee mama alipoimba. Makambini walikuwa wanaomba kisima, kisima, turudie kisima.

"Hapo kinyago kimevuliwa," nikamwambia Mfumaji, kana kwamba anabembelezeka.

"Ndiyo. Kwa hiyo sauti ya kinyago haiwezi kutumika."

"Haiwezekani kuacha?"

"Hadithi itakuwa mbili."

Nikavua spika za masikioni, nikatoka ukumbini. Baba alikuwa anatembea polepole na Semeni, anamwonyesha picha za watu ukutani na kumdanganya kuhusu kila mmoja. "Huyu alinikopa nguo ya harusi," anasema. "Huyu naye, mke wangu, usimsalimie." Akaniona, akanyamaza.

Nikamweleza yote. Nilimweleza mpaka kisima. "Mama anabaki, baba. Saa yako inabaki. Ila wimbo unaondoka. Na anatakiwa mwanaume wa kuimba mahali pake. Domi anaweza, au tutafute mwigizaji. Au niseme hapana, tunyoe ndevu kama ulivyosema, tubaki na vyote."

Baba akanikabidhi mtoto. Akasimama akitazama mlango wa kibanda.

"Unajua wimbo ule kautoa wapi?"

"Si alitunga mwenyewe?"

"Alirudi amechoka siku moja, akanikuta nakuogesha. Alisimama mlangoni, sikumwona. Ulikuwa hutaki maji, unapiga kelele, nami nimetoka shamba, mgongo hauna habari na mimi. Nikawa najiimbia tu upuuzi. Kesho yake akauleta huku." Akajikuna shingo. "Sikumdai. Alivyouimba yeye ulikuwa wimbo. Mimi ulikuwa upuuzi."

"Baba, si lazima uwe wewe."

"Niwekeeni kwanza wa kwake," akasema. "Mara moja."

Domi akaweka. Tukasimama watatu katika kibanda kile kidogo, Semeni mikononi mwangu, mbali na maikrofoni, mama akaimba gizani:

*Lala wewe kwanza, mimi sijachoka,*
*mguu haujachoka, mkono haujachoka,*
*lala wewe kwanza, nitalala kesho.*

Ulipokwisha, Domi akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Baba akaifuta maikrofoni kwa shati lake, kitu ambacho hakiruhusiwi, na hakuna aliyemkataza.

"Nasimama hapa?"

"Hapohapo mzee. Karibu kidogo. Usiogope."

"Naogopa sana," baba akasema, akaanza kuimba.

Hakuimba vizuri. Alianza juu mno, ikabidi ashuke katikati ya mstari. Kwenye "mguu haujachoka" sauti ilikatika, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, akaendelea kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Nilimtazama nikaona kwa nini mama alisimama mlangoni bila kujionyesha. Mama aliuimba kama mtu ambaye kweli hajachoka. Baba alikuwa anaimba hajachoka huku kila neno limechoka.

"Turudie?" Domi akauliza kwa upole.

"Nikirudia nitatengeneza. Acha hivyohivyo."

Kikabaki kipande cha daraja. Mashine ilikuwa imempa Mlezi, baada ya safari yote ile, neno moja la kumwambia Koyuki akishamwona uso: "Nimetimiza wajibu wangu." Nilimwonyesha baba mdomo wa picha unavyokwenda.

"Hivyo ndivyo anavyosema?" baba akauliza.

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Kwa mtoto aliyemlea? Huyo ni askari wa zamu?" Akamtazama Koyuki pale ukutani, msichana mzima, upepo umemvuruga kichwa. "Mdomo unatosha maneno mangapi?"

"Machache tu," Domi akasema. "Jaribu mzee."

Baba akasogea. Mlezi akavua kinyago, ndevu zikaonekana, midomo ikafunguka, na baba akasema, bila kuigiza chochote, kama alivyokuwa anasema kila asubuhi pale mlangoni na kitana mkononi:

"Nywele zimefumuka. Njoo."

Domi akapiga meza kwa kiganja. "Imekaa!" akasema, akageukia ukutani, akakaa hivyo muda mrefu na mabega yakimtetemeka.

*

Walifunga saa za kivuli zilipoisha, kama walivyosema. Kule kwenye mabaraza ya mashabiki kelele zilianza palepale, na nyingi zilikuwa za haki. Filamu ni mbovu. Muuza chumvi anapunga mkono. Wengine walisema ndevu ni matusi kwa mama zao. Mmoja akaandika tu, "Baba yangu alikuwa anapika," na chini yake watu wakaanza kuandika na wao, mmoja mmoja. Wenye filamu wameniita niende kujieleza. Nitakwenda. Siwezi kusema siogopi.

Jua lilipoanza kupoa, baba alikaa mahali pake, Semeni kifuani. Hakuwasha. Mkono ulikuwa juu ya ungo, ungo hauna kitu.

"Nikuwashie?" nikamuuliza.

"Washa ya kwanza. Nione kama hawakutudanganya."

Nikawasha. Ukuta ukafumika: nchi ya majivu, mtoto mdogo kaanguka njiani, na yule mtu wa kinyago anakuja kwa mbali. Nimeiona sehemu hiyo mara nyingi kuliko ninavyokumbuka sura yangu. Akafika, akainama.

Na kabla ya neno la kwanza tukasikia kitu ambacho hakikuwepo. Mtu alivuta pumzi, ndefu, yenye mkwaruzo, ya mtu aliyepanda ngazi na mzigo.

Kisha mama akasema, "Simama, mtoto. Njia bado ipo."

Nilielewa taratibu. Sauti ni ya kinyago, lakini kinyago sasa kina mvaaji, na mvaaji lazima aheme. Mfumaji, kwa ule unadhifu wake usio na huruma wala ubaya, alirudi nyuma mpaka mwanzo akaweka pumzi ya baba chini ya kila neno la mama. Koyuki akasimama. Pumzi tena, kisha mama tena.

Semeni akainua kichwa. Hakuangalia ukutani sauti inakotoka. Aligeuka juu, akamtazama babu yake usoni, akamshika ndevu fupi za kidevuni kwa mkono mzima, kama aliyemkamata mtu akifanya mzaha.

"Mke wangu," baba akasema polepole, "umenijua." Akasikiliza pumzi nyingine ipite. "Mwajabu. Nilikuwa nimechoka hivi?"

"Tangu mwanzo, baba."

Akatikisa kichwa, akamweka mtoto vizuri kifuani, akaninyooshea ungo niulete mchele.